Vitamini Hupanda Mlima kwa Barabara

Mhadhara kwa wauguzi, walimu na wazazi wa Lemera

Watu wetu wengi wakisikia vitamini, hufikiria kitu cha kununua: chupa ya sirupu yenye picha ya mtoto wa mashavu, vidonge vya rangi vinavyouzwa sokoni kwa kuhesabu, au ile sindano nyekundu ambayo mtu aliyechoka humwomba muuguzi amdunge ili apate nguvu. Sitawacheka wanaonunua, maana uchovu wao ni wa kweli. (Ila wanaonunua vidonge vya kunenepesha wajue kwamba baadhi yake havina vitamini hata moja, ndani mna deksametasoni, dawa ya homoni inayovimbisha uso na kudhoofisha kinga ya mwili.) Hoja nitakayoitetea leo ni nyingine. Mteremko huu wetu, kuanzia ufuko wa Ziwa Tanganyika pale Uvira, ukapita bonde la Ruzizi, ukapanda hadi hapa Lemera na juu zaidi kwenye nyanda wanakochunga ng'ombe, una karibu kila vitamini anayoihitaji binadamu. Watoto wetu wanapungukiwa si kwa sababu ardhi ni maskini. Wanapungukiwa kwa sababu chakula cha ngazi moja ya mteremko hakifiki ngazi nyingine, na kidogo kinachofika huharibikia jikoni au hupotea wakati wa kugawana sahani.

Tuanze na vitamini zenyewe. Ni kemikali ambazo mwili unazihitaji kwa kiasi kidogo mno, sehemu ya elfu au ya milioni ya gramu kwa siku, na ambazo hauwezi kuzitengeneza, au hautengenezi za kutosha. Hazitoi nguvu kama ugali wala hazijengi nyama kama maharagwe, lakini bila hizo ugali na maharagwe havifanyi kazi yake. Wanga wa muhogo ni kuni, na vitamini B1 ni kiberiti: ukiongeza kuni bila kuongeza kiberiti, jiko halitawaka zaidi. Sayansi ilichelewa kuyajua haya kwa sababu moja inayotuhusu hata sisi: madaktari walizoea kutafuta kitu kilichoingia mwilini, hawakuzoea kutafuta kilichokosekana. Mwaka 1747 James Lind, daktari katika jeshi la majini la Uingereza, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, na wale wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Hata hivyo ikapita karibu nusu karne kabla jeshi hilo halijaagiza maji ya limau kwa mabaharia wake wote.

Kisa cha Batavia, mji unaoitwa leo Jakarta, kinafaa kukaliwa kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman alikuwa akitafuta kijidudu cha beriberi, ugonjwa unaolegeza miguu na kuchosha moyo. Kuku wake wa maabara wakaanza kuyumba na kupooza, kisha baada ya miezi wakapona bila dawa. Kumbe kwa muda ule walilishwa mabaki ya wali mweupe kutoka jikoni la hospitali ya jeshi, mpaka akaja mpishi mpya aliyekataa wali wa wanajeshi kupewa kuku wa raia, nao wakarudishiwa mchele wa bei nafuu wenye ngozi yake. Eijkman mwenyewe alidhani pumba zinaondoa sumu iliyomo kwenye wali. Mwenzake Gerrit Grijns ndiye aliyesema mwaka 1901 kwamba ndani ya pumba kuna kitu ambacho mwili unakihitaji. Mwaka 1912 Casimir Funk akavipa vitu vya aina hiyo jina ambalo limegeuka kuwa vitamini. Sisi hatukoboi mchele sana, lakini tazama safari ya muhogo wetu: unamenywa, unalowekwa, unaanikwa, unatwangwa, unachekechwa, na weupe wa unga ndio sifa ya mama wa nyumba. Unga huo ni wanga mtupu, hauna vitamini A, hauna B12, na B1 iliyobaki ni chembe. Kwa kuloweka hatuna hiari, kwa kuwa muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha hubaki na sianidi. Huko Burhinyi, katika jimbo letu hili la Kivu ya Kusini, vita vilipovuruga maisha, madaktari waliandika mwaka 2011 juu ya watu waliopooza miguu kwa konzo. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote apunguze siku za kuloweka. Ninachosema ni kwamba kilichotoka kwenye muhogo lazima kirudi sahanini kwa njia ya mboga.

Na mboga hiyo tunayo: sombe. Itazame kwa makini kwenye sufuria. Majani ya muhogo yaliyotwangwa na kuchemshwa muda mrefu yana folati, chuma, protini na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vitamini C iliyokuwa kwenye jani bichi nyingi hufa kwa moto, hilo tukubali. Mawese mekundu yanayomiminwa mwishoni huleta karotini nyingi kuliko karibu mafuta yote ya mimea tunayoyajua, pamoja na vitamini E, na mafuta hayo hayo ndiyo yanayobeba karotini ya jani kupita ukuta wa utumbo. Ndagala wanaotupwa humo wazima, na kichwa, ini na mifupa, huleta vitamini B12, ambayo hakuna jani lolote duniani lenye kuitoa, na kalisiamu ya kujenga mifupa. Mpishi wa kwanza wa sombe hakusoma kemia, lakini alikusanya katika chungu kimoja mambo ambayo vitabu vya lishe huyatenga kwenye sura tatu. Sasa angalia vilikotoka. Jani ni la hapa hapa mlimani. Mawese yanatoka chini, kwenye michikichi ya bonde na ya pwani ya ziwa kuelekea Mboko na Baraka. Ndagala wanatoka majini usiku, wanaanikwa kwenye mchanga wa Uvira na Makobola, kisha wanapanda kwa gari, kwa pikipiki au kichwani. Barabara ikikatika, mama wa Lemera bado atapika sombe, na bado itaitwa sombe, lakini itakuwa majani, maji na chumvi. Kwa jicho la mtu anayepita, familia imekula chakula kile kile cha jana. Kwa mwili wa mtoto, theluthi mbili za mlo hazikufika.

Kwa nini nazidi kuitaja vitamini A? Kwa sababu upungufu wake unaua kabla haujaonekana. Kazi yake inayojulikana ni ya macho: bila hiyo chembe za retina zinazoona kwenye mwanga hafifu huishiwa, na mtoto aliyekuwa akicheza mchana kutwa huanza kujikwaa kwenye vigoda magharibi. Kisha hutokea madoa meupe yenye povu kwenye weupe wa jicho, kioo cha jicho hukauka, na mwisho hupasuka. Lakini vitamini hiyo hiyo hulinda utando wa koo, mapafu na utumbo, mahali ambapo vijidudu hugonga mlango. Mwaka 1986 Alfred Sommer na wenzake walitangaza matokeo ya Aceh, Indonesia: katika vijiji ambavyo watoto walipewa dozi kubwa ya vitamini A kila miezi sita, vifo vilipungua kwa asilimia 34. Wengi hawakuamini, wakarudia majaribio Asia na Afrika, na Ghana, huko Navrongo, punguzo likaonekana kuwa karibu asilimia 19. Watoto waliokufa hawakufa kwa upofu. Walikufa kwa surua na kuhara, magonjwa ambayo mwili wenye vitamini ungeyashinda.

Vitamini nyingine nazipita haraka. Vitamini D huundwa na ngozi kwa jua, na jua hapa halina uhaba. Folati ni ya mama kabla hata hajajua kuwa ana mimba, maana uti wa mgongo wa mtoto hufungwa katika wiki nne za mwanzo. Maharagwe na lengalenga vinayo. Vitamini C iko kwenye mapera, maembe, mapapai na nyanya, na faida yake moja hutajwa mara chache: tunda likiliwa pamoja na maharagwe huongeza sana chuma kinachopita tumboni kwenda kwenye damu. Hili lina uzito wa pekee hapa. Daktari Denis Mukwege, ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, alifika hospitali ya Lemera miaka ya 1980 akiwa na nia ya kutibu watoto, akageukia uzazi baada ya kuona jinsi wanawake walivyokuwa wakifa kwa kujifungua. Mwanamke anayeingia leba akiwa na damu kidogo, kwa sababu ya malaria, kwa kukosa chuma, folati na B12, hana akiba ya kupoteza. Damu ambayo mwenzake angeipoteza akasimama, yeye humtoa uhai.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa wazee, nalo nalipa heshima yake. Wanasema: babu zetu hawakujua vitamini, walikula ugali wakapanda milima hii wakiwa na mizigo kichwani. Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, si wote waliopanda. Katika Kivu yetu neno bwaki, la mtoto anayevimba miguu, nywele zikageuka rangi na ngozi ikabambuka, ni la zamani, na ndiyo maana watafiti wa taasisi ya IRSAC, iliyoanzishwa mwaka 1947 na kujengewa makao Lwiro, walilikuta tayari midomoni mwa watu na kuuchunguza ugonjwa huo miaka ya 1950. Wazee tunaowakumbuka ni wale waliopona. Waliokufa wakiwa na miaka miwili hawakubaki kusimulia. Pili, sahani ya babu haikuwa hii. Mtama, ulezi, ndizi, maharagwe na maziwa ya ng'ombe wa juu vilikuwa na nafasi kubwa zaidi, na muhogo ulienea sana wakati wa ukoloni, serikali ya Kibelgiji ilipowalazimisha watu kuulima kama akiba ya njaa. Kama akiba ni zao zuri mno, huvumilia ukame na huweza kukaa ardhini miezi mingi wakati watu wamekimbia. Shida ni akiba kugeuka kuwa chakula cha kila siku. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013 hadi 2014 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wa Kivu ya Kusini wamedumaa. Sidai kwamba kudumaa kote ni kwa vitamini; lakini mtoto hadumai kwa kukosa wanga peke yake katika nchi inayoivisha muhogo mwaka mzima.

Pingamizi la pili ni la wataalamu: tunazo kapsuli, kwa nini tuhangaike na barabara? Kila mmoja wenu ameiona kazi hii. Muuguzi au RECO, mhudumu wa afya wa jamii, anakata ncha ya kapsuli kwa mkasi na kukamulia matone ya mafuta mdomoni mwa mtoto, ya bluu yenye yuniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, nyekundu yenye 200,000 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, na baada ya miezi sita anarudia. Inawezekana kwa sababu ini huhifadhi vitamini A kwa miezi. Sitasema neno la kuidharau kazi hiyo, na mzazi anayemficha mtoto siku ya kampeni anakosea sana. Lakini kapsuli ina mipaka. Jaribio kubwa la India lililotangazwa mwaka 2013, lenye watoto wapatao milioni moja, lilionyesha punguzo dogo la vifo, karibu asilimia 4, na wataalamu bado wanabishana kwa nini. Hapa hapa Kivu, hospitalini Lwiro, jaribio lililochapishwa mwaka 1998 lililinganisha dozi moja kubwa na dozi ndogo za kila siku kwa watoto wenye utapiamlo, na ni zile ndogo za kila siku zilizopunguza kuhara kukali. Hilo lapaswa kutufikirisha, kwa sababu kidogo cha kila siku ni jina jingine la chakula. Tena kapsuli ni ya vitamini moja, haina B12 wala folati. Wajawazito hawapewi dozi kubwa kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto tumboni, ilhali karotini ya mawese haina sumu hiyo. Na mwisho, kapsuli yenyewe huja kwa barabara ile ile. Siku pikipiki ya mawese haipandi, ya kapsuli nayo haipandi.

Wengine hutoa mfano wa iodini, wakisema tatizo la lishe limewahi kumalizwa bila kungoja amani wala barabara nzuri. Ni kweli, na mfano ni wa jirani zetu wa kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, ambako watafiti wa Kibelgiji akiwemo François Delange waligundua miaka ya 1960 jambo la ajabu: iodini ilikuwa haba kisiwani kote, lakini rovu lilienea zaidi upande wa kaskazini, na wakaonyesha kuwa muhogo wenye sianidi ulichangia kwa kuizuia tezi ya shingo isiikamate iodini kidogo iliyopo. Chumvi yenye iodini ilileta ahueni kubwa kote nchini. Lakini kwa nini chumvi iliweza? Kwa sababu kila nyumba hununua chumvi, hakuna anayeitengeneza nyuma ya nyumba, na inaingia nchini kwa milango michache ambapo mtu mmoja anaweza kuichanganya na iodini kwa niaba ya mamilioni. Unga wetu wa muhogo hauna mlango kama huo. Unatwangwa na kina mama wenyewe au kusagwa kwenye vinu vidogo vya kila kijiji, na serikali haiwezi kuweka vitamini ndani ya kila kinu. Hivyo iodini inatufundisha kitu kinyume na kinachodhaniwa: dawa ya upungufu hufuata njia ambayo chakula husika kinapita. Kwa vitamini A na B12, njia hiyo ni mteremko.

Pingamizi la tatu ni gumu zaidi, nalo linatoka kwa walimu wa lishe wenyewe: si tunafundisha kila siku mboga za kijani, lengalenga na majani ya maboga vimejaa mashambani, vinatosha? Zamani ilidhaniwa hivyo. Mwaka 1995 Saskia de Pee na wenzake walichapisha utafiti wa Java Magharibi uliotikisa mafundisho hayo: akina mama wanaonyonyesha walipewa mboga za kijani kila siku kwa wiki 12, na vitamini A kwenye damu yao haikupanda. Karotini imefungwa ndani ya chembe za jani, na bila kupondwa, kupikwa na kuliwa na mafuta, nyingi hupita tu. Makadirio ya leo yanataka mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula cha mimea ili mwili upate moja ya vitamini A, wakati iliyoyeyuka ndani ya mafuta huhitaji mbili tu. Ndiyo maana kijiko kimoja cha chai cha mawese mekundu kinaweza kumtosheleza mtoto mdogo kwa siku nzima. Kijiko cha chai, narudia, hakuna anayeomba chupa.

Lakini yawe mekundu. Hapa lazima niseme na wapishi waziwazi. Tabia ya kuunguza mawese, kuyaacha jikoni mpaka moshi ujae nyumba, harufu ikaondoka na rangi ikapauka kutoka nyekundu hadi ya asali na hatimaye karibu nyeupe, inaua hicho hicho tulichokitafuta. Rangi ile nyekundu ndiyo karotini yenyewe. Ikiisha machoni imeisha na tumboni. Mtu akitaka kukaangia samaki kwa mafuta yasiyo na harufu, atumie atakayo, ila kijiko cha mtoto kiongezwe mwishoni, kwenye chakula kilichokwisha kuiva. Mawese yanayouzwa kwenye chupa nyeupe juani siku nzima nayo yanapoteza nguvu kidogo kidogo. Ya dumu lililofunikwa na kuwekwa kivulini ni bora.

Wanaosema tatizo ni umaskini na vita wana haki zaidi ya wote, na hoja yangu haiwapingi. Inawaunga mkono kwa ushahidi. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali hii ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wauguzi, na tangu mwaka huo mteremko umekatika mara ngapi? Ng'ombe wa juu wameporwa, na maziwa yao, yenye vitamini A na B12, hayakushuka. Watu wa bondeni wamekimbilia milimani na wa milimani wamekimbilia bondeni, na kila anayekimbia huacha mti wa mapera nyuma. Kwamba kukatika kwa ugavi peke yake kunatosha kuleta ugonjwa wa vitamini si dhana. Mwaka 1990, katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, mgao wa karanga ulikatika huku mahindi yakiendelea kuja. Ngozi za shingo na mikono zikawa nyeusi na kubambuka, na wagonjwa wa pelagra wakazidi 18,000. Matumbo yalikuwa na mahindi. Vitamini B3 ndiyo haikufika. Nanyi mkiwa na mahindi mengi Ruzizi, jihadharini na hilo.

Lakini umaskini haugawi chakula ndani ya nyumba. Sisi ndio tunaogawa. Kikombe cha ndagala kikifika, vichwa na miili huenda kwenye sahani ya baba na wageni, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hupata ugali uliochovywa kwenye mchuzi. Ndagala waliokaushwa vizuri wakisagwa kuwa unga, kijiko kimoja kwenye uji kila siku ni gharama ndogo kuliko chupa ya sirupu. Nawaheshimu wanaume wanaotoka kwenye kazi nzito, lakini mtu mzima ana akiba ya B12 ya miaka kadhaa kwenye ini. Mtoto hana.

Na magonjwa? Mtu anaweza kusema upungufu hautoki sahanini, unatoka kwenye minyoo, malaria, kipindupindu cha Uvira na surua. Vyote viwili vinashikana. Surua huteketeza vitamini A ya mwili kwa siku chache, ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linaagiza kila mtoto mwenye surua apewe dozi mbili kwa siku mbili mfululizo. Katika mlipuko wa mwaka 2018 hadi 2020 nchi yetu ilipoteza watu zaidi ya 7,000 kwa surua, wengi wao watoto. Chanjo ingewaokoa wengi, na vitamini ingewaokoa wengine kati ya waliougua. Anayesema tuchague kati ya maji safi na mawese anatuuliza swali lisilo na maana.

Kuna wanaoweka tumaini kwenye mbegu mpya. Wana sababu. Mganda Robert Mwanga na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuongeza virutubisho ndani ya mazao. Yeye na wawili wao kwa viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo majaribio ya Msumbiji na Uganda yalionyesha vinawafaa watoto. Kwetu kuna muhogo wa njano wenye karotini, na maharagwe yenye chuma yaliyoshughulikiwa na taasisi ya utafiti wa kilimo, INERA, pale Mulungu. Viazi hivyo vinaota vizuri kwenye udongo wa Lemera, na naviunga mkono kwa moyo wote kwa sababu vinakaa juu ya mlima na havingoji gari. Muhogo wa njano siuamini sana, kwa maana karotini yake hupungua sana ukianikwa, ukasagwa na kuwekwa ghalani, na hiyo ndiyo njia tunayoulia. Wala hakuna kiazi chenye B12. Ziwa bado litahitajika.

Na ziwa linachoka. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha kwamba maji ya Tanganyika yamepata joto, hayachanganyiki vizuri, na uzalishaji wa mwani unaolisha samaki umepungua kwa karibu asilimia 20. Watafiti wa Kituo cha Hidrobiolojia cha Uvira wamekuwa wakifuatilia ziwa hilo kwa miaka mingi. Kwa hiyo Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zimekubaliana kufunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Sipingi uamuzi huo, ndagala waliomalizwa leo hawatalisha mtu kesho. Lakini tazama kalenda kwa macho ya mtoto wa Lemera. Miezi hiyo ndiyo ya kiangazi: lengalenga limekauka, maembe yameisha zamani, na sasa ndagala nao wamefungwa. Hakuna msimu mwingine ambapo ngazi zote za mteremko hufunga pamoja namna hiyo. Zone ya Afya ikiweza kupanga raundi moja ya kapsuli mwanzoni mwa Juni, kina mama wa soko wakapandisha ndagala wakavu kabla ya tarehe 15 Mei na kuwaweka mbali na unyevu, na kituo cha afya kikaandika kila wiki bei ya glasi ya ndagala na ya chupa ya mawese kwenye daftari lile lile linaloandikwa wagonjwa wa malaria, basi upungufu utaonekana sokoni wiki kadhaa kabla ya kuonekana machoni mwa mtoto.